Likizo ya Mwenyeji

Hapa Ilongero, mkoani Singida, likizo ni kitu kinachokuja na basi. Desemba ikikaribia, ndugu waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Arusha hupiga simu kusema watafika lini, na kuanzia hapo nyumba nzima huingia kazini. Magodoro huanikwa juani. Nafaka hupelekwa mashineni mapema ili unga usije ukapungua. Majogoo hutengwa. Wageni wakishafika hulala mpaka jua lipande, huketi chini ya mti wakipiga soga, na Januari huondoka na madumu ya mafuta ya alizeti, asali na kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu. Wamepumzika kwelikweli. Aliyewapumzisha ni Mama, na yeye hubaki na masufuria.

Mimi ni mwalimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya malipo isiyopungua siku 28 kwa mwaka, na wengi wetu tumezoea kuitumia kwenda nyumbani kwa wazazi. Mama hajawahi kuwa na mwajiri. Amelima mtama, uwele na alizeti tangu akiwa msichana, na shamba halina fomu ya likizo wala ofisa wa kuisaini. Ndipo nilipoona jambo ambalo limenisukuma kuandika haya: mkulima hana wa kumruhusu apumzike isipokuwa familia yake. Familia ikisahau, anazeeka bila kulala wiki moja mbali na jiko lake.

Wazo la kumpeleka pwani lililetwa na redio. Kila jioni Mama husikiliza taarifa ya hali ya hewa mpaka mwisho, kwa sababu ya mvua. Jioni moja mtangazaji alipotoa tahadhari ya mawimbi makubwa baharini, Mama aliuliza, "Hayo mawimbi ya mita mbili yanamfika mtu wapi?" Wajukuu walionyesha kifuani, kisha kichwani, wakabishana. Mimi nilifikiri juu ya mwanamke aliyekuwa akiletewa habari za bahari kila siku maishani mwake, na hajawahi kuiona.

Nilipowapigia kaka na dada zangu, walikubali siku ileile. Mama ndiye aliyekataa. Kuku watalishwa na nani? Mbuzi je? Hizo fedha si zingeezeka banda? Magoti yake yatahimili basi? Choo cha huko kikoje? Na mwisho, kwa sauti ya chini kidogo, akasema lililokuwa likimsumbua zaidi: "Na nikifia huko, mwanangu, mtanirudishaje?"

Kaka alitaka kumtuliza kwa maneno. Mimi nilichukua daftari nikaandika kila alichosema, kimoja kimoja, na daftari hilo ndilo likawa mpango wetu. Chini ya kuku na mbuzi tuliandika jina la shangazi, tukaenda kumwomba kwa heshima na kukubaliana naye atakachopata. Chini ya magoti tuliandika kwamba hakuna siku ya kusafiri kutwa nzima. Chini ya choo tuliandika choo cha kukaa, chumba cha chini, hakuna ngazi. Chini ya kifo tuliandika kituo cha afya: tukampeleka kupima presha, tukachukua dawa za kuzidi siku za safari, tukahakikisha kadi ya bima iko hai, na tukatenga fedha ya dharura ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa kwa jambo lingine. Mama alipoona hata hofu ile imepewa ukurasa wake, alisema basi, atakwenda.

Tangu hapo naamini kwamba pingamizi za mzee ni orodha ya maandalizi. Anayezipuuza akidhani ni ukaidi huenda akampeleka mzee wake mahali pazuri huku moyo wa mzee umebaki nyumbani.

Swali la pili lilikuwa lini. Singida tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Desemba, mwezi ambao watu wa mijini huufikiria wanaposema likizo, kwetu ni mwezi wa jembe. Pwani ina kalenda nyingine: masika kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba. Ina pia pepo zake mbili, kaskazi ya kuanzia Desemba hadi Machi yenye joto kali, na kusi inayoshika baada ya hapo mpaka Septemba, yenye ubaridi. Ukiziweka kalenda hizi mbili pamoja, mkulima wa Singida anabakiwa na nafasi moja nzuri: mwisho wa Juni kuendelea, alizeti ikiwa imeshapigwa na kuingizwa kwenye magunia, shule zikiwa zimefungwa, na pwani kukiwa na jua lisilomchosha mtu aliyezoea baridi ya nyanda za juu.

Nilidhani nimemaliza. Nikampigia mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Bagamoyo, kumweleza tarehe tuliyoichagua. Akanikatiza: "Mwalimu, tarehe baadaye. Niambie huo mwezi utakuwa na siku ngapi."

Kwa mtu wa bara, hili ni somo la kwanza la bahari, na sikulipata katika tangazo lolote la hoteli. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu saa moja kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni wakati wa bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na katika pwani yetu tofauti hiyo hufika mita 3 hadi 4. Siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na saa 4 asubuhi bahari iko mbali, ufuko umebaki tope, mchanga na mashua zilizolala ubavu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana, na kujaa kwake huangukia katikati ya asubuhi. Familia inayotaka watoto waoge asubuhi kisha warudi kula na kulala, iende mwezi ukiwa nusu. Inayotaka kutembea juu ya sakafu ya bahari na kuona yanayoishi humo, iende na bamvua. Sisi tulipanga kufika mwezi ukiwa nusu na kukaa mpaka ukaribie kujaa, ili tupate yote mawili.

Mahali nako kulijadiliwa. Vijana walitaka Zanzibar, na sababu zao zilikuwa nzuri: Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na fukwe za Nungwi na Paje. Lakini kuna boti ya saa mbili hivi katika mkondo wa bahari, na Julai kusi huvuma kwa nguvu. Sikuona busara kumpandisha humo mtu aliyekuwa bado anaogopa kufia ugenini. Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yaliyo katika orodha hiyohiyo tangu 1981, ni mbali mno kwa magoti yale. Pangani kunavutia, ila kulihitaji kubadilisha magari mara nyingi. Bagamoyo ilishinda kwa sababu iko takribani kilomita 70 tu kutoka Dar es Salaam, ufuko na soko viko jirani, na mji wenyewe mtu mzima anaweza kuuzunguka taratibu kwa bajaji.

Fedha tuliianza mapema, tangu alizeti ikiwa bado shambani. Likizo haigharamiwi na fedha inayobaki, kwa kuwa katika nyumba zetu fedha haibaki. Kila mtoto wa Mama aliombwa kupeleka kwenye mfuko wa safari kiasi ambacho angetumia kwa zawadi za Desemba. Majogoo waliuzwa wakati wa sikukuu, bei ikiwa juu. Kisha tukaigawa fedha hiyo mara tatu: nauli, kulala na kula, na dharura. Kilichotusaidia sana kwenye nauli ni treni ya umeme. Dar es Salaam na Dodoma ziliunganishwa na reli ya kisasa Julai 2024, na nauli iliyotangazwa kwa treni ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na bure kwa aliye chini ya hapo. Tiketi tulizikata mapema, kwa sababu mwanzo wa Julai maonyesho ya Sabasaba huvuta watu wengi Dar es Salaam, na kila abiria tulimwandalia kitambulisho.

Jambo moja karibu lituharibie. Nyumba ya wageni tuliyoweka nafasi kwa simu iliwapa watu wengine vyumba vyetu, nasi tuligundua kwa sababu dada alipiga kuuliza siku chache kabla. Tukapata nyingine, ndogo, yenye chumba cha chini na jiko la kutumia wenyewe. Safari hii tulituma malipo ya awali na kuomba ujumbe wa maandishi unaotaja tarehe, idadi ya watu na bei. Mwenye nyumba hakuona vibaya. Alisema ni afadhali hivyo. Simu ya mwisho kabla ya kufunga mizigo ni sehemu ya mpango sawa na tiketi.

Tuliondoka Singida mjini asubuhi kwa basi la Dodoma. Ni kama kilomita 240, kupitia Manyoni na Bahi, na Mama alikaa upande wa kivuli akiangalia mashamba ya watu. Hakusema mengi ila kuhukumu: huyu kachelewa kuvuna, yule ana mbuzi wengi kuliko malisho yake. Dodoma tulilala kwa ndugu. Tungeweza kuunganisha siku hiyohiyo, lakini daftari lilikuwa limeshasema. Kesho yake kwenye treni, inayoweza kukimbia kilomita 160 kwa saa, Mama aliweka kiganja kwenye dirisha tulipoingia mahandaki ya milima ya Kilosa, akakiacha hapo mpaka mwanga uliporudi. Jioni tulikuwa Bagamoyo. Watoto walitaka kukimbilia ufukweni usiku ule, niliwazuia. Aliyechoka haoni vizuri, na kuona ndiko tulikokuja kufanya.

Kesho yake asubuhi, saa 3, tukateremka. Watoto walivaa yeboyebo kwa ajili ya vitu vyenye miba, na nilikuwa nimemuuliza mvuvi mmoja mzee ni wapi pa kuogea na wapi pa kuepuka. Alimwamkia Mama kwa "Habari za bara, mama?" kana kwamba wanafahamiana, akatuonyesha mahali palipotulia. Maji yalikuwa yakipanda taratibu. Mama alisimama, akakunja khanga yake mpaka chini ya magoti, akaingia mpaka kwenye vifundo. Wimbi dogo likaja, likarudi, likavuta mchanga chini ya visigino vyake. Akayumba, akanishika mkono, akacheka. Akachota maji akayaonja. "Chumvi yake imezidi ya Singidani," alisema, maana ziwa letu la mjini nalo ni la magadi. Kisha akainua macho. "Lakini Singidani naona ng'ambo."

Alikaa mahali hapo asubuhi nzima. Hakuoga. Aliketi kwenye mchanga uliolowa, maji yakimfikia mapajani, wajukuu wakimletea makombe na mwani, naye akivipokea na kuvipanga. Mimi nilikuwa na ratiba ya mchana mfukoni, na niliiacha humo.

Siku zilizofuata tuliishi kwa saa za maji. Asubuhi moja tulikwenda soko la samaki, ambako samaki hupigwa mnada mara tu vyombo vinapotia nanga. Nilidhani Mama angeogopa kelele. Alisogea mbele. Mnada anaujua vizuri. Kwetu ni mbuzi na ng'ombe, huku ni changu na kibua, lakini macho ya muuzaji ni yaleyale. Baada ya muda alinivuta pembeni akanionyesha kijana mmoja: "Yule hanunui. Anapandisha bei kwa ajili ya mwenzake." Tukasubiri samaki waliofuata, tukapata kwa bei nzuri, na mchana huo Mama alikula samaki aliyepikwa na wakwe zake. Hatukumruhusu kushika mwiko. Siku ya kwanza lilimkera. Baadaye akawa anaita kutoka kivulini kuuliza kama chakula kimeiva.

Mwezi ulipokuwa ukielekea kujaa, bahari ilituondokea kama mwalimu mwenzangu alivyosema. Saa 4 asubuhi kulikuwa na uwanja mpana wa mchanga na madimbwi, ngalawa zimeegama, na mbali kidogo wanawake wanatanda uduvi kwa nguo nyepesi, maji yakiwafika kiunoni. Mama alitembea kuelekea kwao, polepole, mjukuu mmoja kila upande. Aliwauliza wanajuaje wakati wa kurudi. Mmoja akajibu, "Maji yakigeuka, bibi, miguu inajua." Wakazungumza kuhusu bei ya uduvi, kuhusu migongo yao, kuhusu watoto walioko mijini. Nilikuwa nimesimama karibu na nikaona kwamba hata ufukweni kuna wenyeji wasio na likizo, na mgeni mwenye adabu anapaswa kulijua hilo kabla ya kutandaza mkeka wake.

Tulikwenda pia Kaole, kwenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, na Mama aliukuta mbuyu akausalimia kama mtu wa nyumbani. Lakini palipomgusa zaidi ni mjini, penye jengo la misafara. Mwongozaji alikuwa akiwaeleza watoto juu ya njia iliyoleta pembe za ndovu na watumwa kutoka Ujiji mpaka hapa, na kuhusu mwili wa Livingstone uliofikishwa Bagamoyo mwaka 1874 baada ya kubebwa na watu kutoka mbali kabisa ndani ya bara. Akataja vituo vya njia hiyo, ambayo Tanzania iliipendekeza UNESCO mwaka 2006: Kwihara karibu na Tabora, Kilimatinde, Mpwapwa, Mamboya.

"Kilimatinde?" Mama aliuliza. "Hii ya kwetu, ya Manyoni?"

Ndiyo hiyo, mkoani kwetu Singida. Tulikuwa tumepita jirani na hapo kwa basi, tukila mihogo ya kuchoma. Mama alinyamaza mpaka tulipotoka nje. Akasema, "Wale waliletwa. Mimi nimekuja." Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Njia ya kutoka bara kwenda baharini ni ya zamani sana, na kwa miaka mingi watu wetu waliipita kwa sababu mtu mwingine aliamua. Mkulima mwanamke kuipita kwa hiari yake, ili tu apumzike, ni jambo lenye uzito wake katika historia ya nchi hii.

Tunasikia sana habari za utalii. Filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022 iliwaonyesha wageni uzuri wa Tanzania, na ni vizuri waje. Natamani tuwaze vilevile juu ya watalii walioko Ilongero, Mtinko na Iramba, ambao nchi hii ni yao na hawajaiona. Hawahitaji hoteli kubwa. Wanahitaji chumba kisicho na ngazi, nauli inayojulikana mapema, mtu wa kuwaambia habari za mwezi na maji, na watoto wanaokubali kwamba mzazi naye huchoka.

Kama unafikiria safari ya namna hii, anza na aliye dhaifu kuliko wote kwenye msafara. Mwendo wake ndio uwe mwendo wa wote, na usipange mambo mawili makubwa katika siku moja. Linganisha kalenda ya shamba na ya bahari kabla ya kutaja tarehe. Weka fedha ya dharura mbali na mkono. Mlipe vizuri anayebaki akilinda nyumba, kwa sababu bila yeye hakuna anayetoka. Na uwaulize wenyeji wa pwani; watakueleza kwa furaha mambo ambayo hayajaandikwa popote.

Mambo yamebadilika kidogo nyumbani. Desemba iliyofuata dada zangu walipofika walipeana zamu za kupika wenyewe, na mfuko wa safari haukufungwa. Shangazi, aliyebaki akilisha kuku wetu, ndiye anayefuata. Ameshatupa pingamizi zake, na ni nyingi kuliko za Mama: ana ng'ombe wa maziwa, ana jino bovu, ana deni la kikoba, na hapandi kitu kinachopita chini ya mlima. Tumeziandika zote. Mama mwenyewe ndiye ameshika daftari safari hii, na kwenye ukurasa wa kwanza ameandika kwamba mgonjwa wa jino aanzie hospitali, ili akifika baharini aweze kula samaki.